Shajara ya kitani: kipande cha Tarkhan katika ua wa Susu

12 Machi

Nimeanza rasmi leo, kwa sababu leo ndiyo siku niliyomwambia shangazi, na shangazi hasahau. Nataka kutengeneza kipande cha kitani, sentimita 30 kwa 30, kwa namna ya Wamisri wa kale: mbegu ardhini, uzi, kufuma, hadi kufua. Si gauni zima. Mimi ni mwalimu wa historia, nina madaftari ya kusahihisha.

Gauni lililoniletea wazimu huu liko London, katika Makumbusho ya Petrie. Mwanaakiolojia Flinders Petrie alilichimbua Tarkhan, kusini mwa Cairo, mwaka 1913, bila kujua kwamba amelichimbua. Lilikuwa ndani ya rundo la matambara yenye udongo. Rundo likafungwa, likasafirishwa, likakaa zaidi ya miaka 60. Mwaka 1977 likapelekwa kusafishwa, na humo ndani wakakuta vazi: shingo ya V, mikono mirefu inayobana, marinda membamba kifuani na mikononi. Kipimo cha kaboni kilichochapishwa mwaka 2016 kililiweka kati ya 3482 na 3102 KK. Hakuna vazi la kufumwa linalojulikana lenye kulizidi umri.

Umri huo haukunishika sana. Kilichonishika ni kwamba lilikutwa limegeuzwa nje ndani, kama mtoto wa darasa la pili avuavyo sweta na kulitupa kitandani, na kwenye viwiko na makwapa bado kuna mikunjo ya mwili wa aliyelivaa. Makwapa! Miaka elfu tano imepita na kwapa la mtu bado linaonekana.

Neno moja kabla sijaendelea, maana wanafunzi wangu hulikosea kila mwaka. Kitani si katani. Katani ni mkonge. Kitani ndicho kile cha kwenye Biblia, cha makuhani na matajiri, kitokacho kwenye mmea mwembamba wenye maua ya buluu.

19 Machi

Mbegu nimezipata mjini, duka la vyakula vya afya, pale wanapoziita flaksi na kuwauzia watu wa kisukari na wa kupunguza uzito. Zimepandwa kwa shangazi, Limuru, kwenye kishamba cha mita tatu kwa tatu karibu na sukuma wiki zake. Machakos ninakoishi kuna joto mno kwa mmea huu.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walowezi wa nyanda hizi waliuvamia mmea huuhuu wakitarajia utajiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 bei ikaporomoka na wengi wakang'oa. Shangazi akasema, "Basi na wewe usikope benki."

10 Aprili

Nimekosea tayari. Nilipanda kama maharage, mistari na nafasi, nikijiona mkulima hodari. Mmea wa kitani ukipewa nafasi hutanua matawi, na kila tawi ni mahali ambapo nyuzi zitakatika. Unatakiwa ubanane, usongane, kila shina likimbilie jua peke yake bila kupata pa kupanua kiwiko. Nimechimbua nusu ya kishamba na kuzimwaga mbegu upya kama mtu anayerushia kuku mtama.

2 Juni

Maua. Hufunguka asubuhi, na kufikia saa sita mchana petali ziko chini. Ukichelewa kuamka huyaoni.

24 Juni

Tumevuna kwa awamu mbili: fungu la kwanza tarehe 8 likiwa bado kijani, fungu la pili leo, mashina yamekuwa manjano. Wamisri walijua tofauti hiyo vizuri. Ukivuna mapema unapata uzi mwororo. Ukisubiri manjano unapata uzi wenye nguvu. Ukiacha mmea ukomae kabisa, hiyo ni kazi ya kamba na mikeka. Maana yake ni kwamba mkulima alishaamua nani atavaa nini kabla shina halijang'oka. Na kweli linang'olewa, halikatwi, kwa sababu nyuzi hukimbia hadi karibu na mizizi na panga lingezifupisha bure. Katika kaburi la Paheri, kule El Kab, wamechorwa watu waking'oa kwa mikono, na mzee mmoja amekaa akipukuchua vichwa vya mbegu kwa kifaa kama kitana.

Yale mashina ya mmwago yamefika sentimita 60, ya mistari hayakufika 45. Mbegu za duka ni za mafuta, si za nyuzi, kwa hiyo ufupi niliutarajia. Nilidhani utaniangusha. Kumbe.

11 Julai

Siku mbaya. Fungu la manjano nilililoweka kwenye pipa nyuma ya nyumba, Machakos, ili maji yaozeshe ule ulimbo unaoshikilia nyuzi kwenye shina. Ni kazi ya siku saba, kumi hivi, na kwa joto letu hupungua. Harufu yake sitaieleza. Jirani ameieleza vya kutosha kwenye kikundi cha simu cha mtaa. Unatakiwa kuangalia kila siku. Mimi nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, siku tatu sikuangalia, na nilipofunua pipa nyuzi zenyewe zilikuwa zimeoza pamoja na ulimbo. Nikivuta, zinakatika kama tambi.

Limebaki fungu la kijani, ambalo sijaliloweka.

20 Julai

Nimejitengenezea kijiti cha kusokotea chenye kigurudumu cha udongo karibu na ncha ya juu, kwa mtindo wa Misri. Nyuzi nilizibandua kwenye mashina ya kijani kwa kucha. Kila nikining'iniza kijiti kizunguke, uzi unakatika na kijiti kinaanguka. Nimehesabu maporomoko 41, nikaacha kuhesabu.

Shida naielewa kwenye karatasi. Pamba na sufu husokotwa kwa kuvuta: una furushi la manyoya mafupi, unalivuta kidogo kidogo huku likizungushwa, nalo linakuwa uzi. Kwa muda mrefu watu walidhani kitani cha kale kilisokotwa hivyo. Mwaka 2019 Margarita Gleba na Susanna Harris walichapisha uchunguzi wa vitambaa vya kale vya nyuzi za mimea na kuonyesha jinsi ya kutambua njia nyingine: kuunga. Unachukua ukanda mmoja wa nyuzi ulivyobanduliwa kwenye shina, unaulaza juu ya mwisho wa ukanda mwingine, unasokota pale penye kiungo tu, unaendelea. Kijiti kinakuja baadaye, kuzipa nyuzi mbili zilizoungwa msokoto wa pamoja. Wamisri walifanya hivyo kwa maelfu ya miaka.

Nimeyasoma hayo mara nne. Vidole vyangu havijasoma.

3 Agosti

Shule zimefungwa, nimekwenda kijijini kwa Susu, nyanya yangu, na mfuko wa nyuzi zangu. Susu ana miaka themanini na kitu, yeye mwenyewe hana hakika, na amesuka viondo tangu utotoni. Nilimwonyesha ninavyojaribu. Aliangalia kijiti kikianguka mara mbili.

"Mwalimu," akasema. Ananiita hivyo akitaka kunicheka. "Hicho kitoto unakifunza kuruka?"

Akavuta kigoda, akapandisha leso juu ya goti, akachukua kanda mbili kutoka kwenye mfuko wangu. Akazilowesha kwenye kikombe cha maji. Mwisho wa huu juu ya mwanzo wa ule, kiganja juu yake, na *fyuu*, kutoka nyongani hadi gotini. Akavuta. Haukukatika. Akachukua ukanda wa tatu.

Nilikaa nikitazama tu. Miezi mitano nasoma juu ya kuunga nyuzi, na aliyekuwa akiunga ndiye aliyenilea. Mama yake, anasema, hakuwa na mkonge. Walivua magome, ya mbuyu na ya vichaka anavyovijua kwa majina ya Kikamba tu, wakayatafuna yalainike, wakasokota pajani hivyohivyo. Kwao nyuzi fupi si tatizo. Uzi wa kiondo ni viungo vitupu.

Nilipojaribu mimi haikuwezekana hata kidogo. "Vua hiyo suruali," akasema. Kumbe paja lenyewe ni kifaa. Jinzi haishiki uzi. Nikafunga leso yake nyingine. Wachoraji wa makaburi ya Misri waliwachora wasokotaji wakiviringisha vijiti juu ya mapaja, na mimi nilikuwa nikidhani ni mkao tu.

Halafu tukabishana. Susu akisokota kamba ya kiondo hupeleka nyuzi mbili mbele, kila mmoja peke yake, kisha huziunganisha kwa kurudisha kiganja nyuma, na huo mrudisho ndio unaozifunga. Mimi nikamwomba asirudishe. Nilikuwa nimeupiga picha uzi wake wa kwanza na kuukuza kwenye simu: msokoto umeinama kama mstari wa katikati wa herufi S. Uzi wa kitani wa Misri umeinama upande huohuo karibu wote, na wenyewe kitani kikikauka hujikunja upande huo. Kwao nyuzi mbili zilipowekwa pamoja ziliendelea kwenda upande huohuo.

"Uzi usiorudishwa haukai," akasema Susu.

"Wamisri hawakuurudisha, Susu."

"Ulikuwako?"

Tukajaribu njia zote mbili. Kavu, usiorudishwa ulifumuka tulipouachia, na Susu akanitazama bila kusema neno. Ulioloweshwa sana, ukasokotwa, ukazungushiwa kwenye kipande cha ubao ukiwa umevutika hadi ukakauka, ulikaa. Ulimbo wa mmea, ule nilioutafutia pipa nyuma ya nyumba, ndio gundi yake. Fungu langu lililooza lisingenifaa hata kama lisingeoza.

6 Agosti

Makumbusho mengi yana mabakuli ya udongo ya Misri yenye vishikio ndani, chini, kwenye sakafu ya bakuli. Leo nimeelewa kwa nini. Donge la nyuzi zilizoungwa likiwa kwenye bakuli la maji, ukivuta linarukaruka na kutoka nje kama chura. Ukiupitisha uzi chini ya kishikio, donge linatulia na uzi unatoka ukiwa umelowa na umekaza kidogo. Mimi sina bakuli hilo. Nimefunga waya wa hanga kwenye jiwe, nikalitumbukiza kwenye sufuria ya Susu. Linafanya kazi. Sufuria nimeambiwa niioshe.

12 Agosti

Hesabu, kwa wanaopenda. Kitambaa changu: nyuzi 10 za mtande (zile zinazotandwa kwa urefu) kwa kila sentimita, na 6 za mshindio (zile zinazopitishwa kwa upana). Mtande ni nyuzi 300, kila mmoja sentimita 45 ili kubaki na za kufungia, yaani mita 135. Mshindio ni mara 180 kwa sentimita 30, mita 54. Jumla mita 189, kwa kitambaa kisichotosha kumfutia mtoto pua mara mbili.

Kasi: Susu mita 12 kwa saa, akizungumza. Mimi mita tatu wiki ya kwanza, sasa tano na kidogo.

Gauni la Tarkhan lina nyuzi 22 hivi za mtande na 13 za mshindio kwa sentimita. Mita moja ya mraba ya kitambaa hicho inameza uzi wa mita 3,500. Kwa mwendo wa Susu ni saa 292, siku 36 za saa nane, na Susu anasokota uzi mnene wa kiondo. Ule ni mwembamba zaidi. Baada ya hesabu hii nimeacha kushangaa kwa nini kitambaa kililipwa kama mshahara. Kuna barua ya Nasaba ya Sita ya wafalme wa Misri, ya mkuu wa kikosi kwenye machimbo ya mawe ya Tura, anayelalamika kwamba watu wake wanakalishwa siku sita mjini wakisubiri kupewa nguo. Zamani niliisoma darasani kama kichekesho cha urasimu. Siku sita zilikuwa za foleni tu. Za uzi hazikuandikwa.

Wala sishangai tena kwamba maiti nyingi zilifungwa mashuka chakavu yaliyochanwachanwa, yenye viraka. Nani angefuma jipya?

17 Agosti

Tumetanda. Kitanda cha kufumia cha Misri ya mwanzo ni cha kulala chini: vigingi vinne ardhini, fito mbili, nyuzi katikati. Kuna bakuli lililotoka Badari, Misri, nalo pia liko Petrie, lenye umri wa zaidi ya miaka 5,000, ambalo ndani yake mtu amekichora kwa mistari michache: vigingi vinne, hakuna kukosea. Nimekiweka chini ya mwembe. Kutanda peke yake kumekula saa tano, kwa sababu nyuzi 300 zina akili zao.

Haya maneno mtande na mshindio nimeyatoa kwa Waswahili wa pwani, hayakuja na viwanda. Kilwa wamechimbua vigurudumu vingi vya udongo vya kusokotea pamba. Sijui wangapi kati yetu tunaosema "mambo yametanda" tunafikiria uzi.

Saa kumi jioni jogoo wa Susu alipita juu ya mtande kutoka kushoto kwenda kulia. Nyuzi tisa. Nimeziunga.

20 Agosti

Kufuma. Nusu ya nyuzi imefungwa vitanzi kwenye kijiti. Ukikiinua, njia inafunguka, unapitisha mshindio, unaupiga kwa upanga wa mbao (rula ya darasani, samahani). Njia ya pili hufunguliwa na ufito uliolazwa kati ya nyuzi. Kwenye kaburi la Khnumhotep wa Pili, Beni Hasan, wanawake wawili wamechuchumaa kila mmoja upande wake wakifanya hivi. Wawili, kwa sababu nzuri: peke yangu nilikuwa nazunguka kitanda kama mtu anayetafuta kiatu.

Mgongo. Magoti. Mwandishi mmoja wa zama za Ufalme wa Kati aliyetaka kuwatisha vijana waende shule ya ukarani aliandika kwamba mfumaji hukaa magoti yamegusa tumbo, hapati hewa, na humhonga bawabu chakula ili aone mwanga wa jua. Alikuwa akitia chumvi, hakuna fani aliyoisifu isipokuwa yake. Ila kuhusu magoti hakudanganya. Baadaye, katika Ufalme Mpya, kilikuja kitanda cha kusimama, na wanaume wakaonekana wakifuma zaidi. Herodotus alipopita huko karne ya tano KK alishangaa kuona wanaume nyumbani wakifuma na wake zao sokoni. Susu hakushangaa. "Walipopata cha kukalia," akasema.

23 Agosti

Nimekata. Kimetoka sentimita 27 kwa 29, kwa sababu kingo zilijivuta ndani na sikuona mapema. Upande mmoja nimeacha tamvua. Rangi ni ya majani makavu, na kinakwaruza kama gunia.

Kwa kumbukumbu: uzi karibu saa 30 za watu wawili, kutanda na kufuma saa 11.

25 Agosti

Dobi. Wamisri walifulia magadi, na sisi magadi tunayo; soko la Machakos wanayauza kwa vikombe kwa wapikaji wa githeri. Nimechemsha kitambaa na magadi, nimekipiga kwenye jiwe, nimekianika juani, na kurudia mara tatu. Kila mara kimekuwa cheupe zaidi na, kitu ambacho sikukitegemea, laini zaidi. Sasa kinaning'inia, hakisimami.

Katika Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochonga makaburi ya wafalme, madobi walipangiwa nyumba za kuhudumia, na zimepatikana vigae vyenye orodha za nguo za kufua, baadhi zikiwa ni michoro ya nguo na vidoti vya idadi. Msimamizi mmoja wa kijiji hicho, Kha, alizikwa na makumi ya nguo zake. Ernesto Schiaparelli alilifungua kaburi mwaka 1906 na karibu mali yote iko Turin. Nguo zake zina alama ya dobi. Mtu aliyekwenda zake milele hakutaka kurudishiwa nguo ya jirani. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na ukishajua saa zilizomo ndani ya uzi utaelewa kwa nini waliweka alama hata kwenye kitambaa cha kiunoni.

Mimi pia nimeweka: herufi mbili kwenye kona, kwa uzi mwekundu wa dukani.

27 Agosti

Kesho narudi mjini. Nilikitafuta kitambaa asubuhi nikifungashe, nikakikuta jikoni, Susu amefunika nacho maziwa. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Upande wa alama umekaa juu.

Tulisokota mita 200, kwa hiyo zimebaki mita 11. Nazo hazipo tena. Mkanda wa kiondo chake cha sokoni ulikuwa umeanza kukatika na ameushonea kwa kitani, baada ya kuurudisha uzi wote kinyumenyume kwenye paja lake, mita baada ya mita, ili ukae.